Nihurumieni kwa mbali

Wateja wangu wakisikia kwamba damu yangu ina shida ya kuganda, macho yao huenda moja kwa moja kwenye mkasi. Ni mkasi wa inchi kumi, mzito, niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, na kweli ukilala mezani mdomo wazi unatisha. Kando yake kuna wembe wa kufumulia, kimto kilichojaa pini, na cherehani ambayo sindano yake haichagui kitambaa wala kidole. "Nnyabo, si ungetafuta kazi nyingine?" aliniuliza juzi mama mmoja aliyekuja kupimwa gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ya kuvaa kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho wa mchumba, ya binti yake.

Nikamwambia avute pumzi nimpime kifua. Ila ukweli ni kwamba tangu ugonjwa huu unianze, mkasi haujanipeleka hospitali hata siku moja. Walionipeleka hospitali ni watu wanaonipenda.

Nina kibanda changu Kisenyi, hapa Kampala, mwendo mfupi kutoka Kiyembe tunakonunua vitambaa. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, mama Msamia, na nyumbani tulipatana na kugombana kwa Kiswahili. Septemba 2022 niliona vidoadoa vyekundu kwenye miundi ya miguu, vidogo kama ncha ya pini, vingi mno. Nikasema viroboto. Nikaanika godoro juani, nikapuliza dawa, vidoadoa vikaongezeka. Hedhi ya mwezi ule ikaja ikakataa kuondoka. Fizi zikawa zinatoka damu nikipiga mswaki, na hilo nalo nikalipa jina lake: mswaki mgumu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maelezo.

Kisha mgongo ukaanza kuuma. Fundi cherehani kuumwa mgongo si habari, kwa hiyo nikaenda kwa musawo wa duka la dawa la mtaani. Musawo ndivyo tunavyomwita hapa yeyote anayeuza dawa, awe amesomea au amerithi duka. Ni mtu mwema sana, huwa ananikopesha. Aliniangalia ninavyotembea nimejikunja, akasema, "Pole mama, vidonge vitakuchelewesha," akanichoma diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye tako.

Kufika jioni tako limevimba. Asubuhi ya pili kulikuwa na wekundu mweusi wa zambarau umejitandaza kuanzia kiunoni hadi nusu ya paja, mgumu kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Sikuweza kukaa kwenye kiti cha cherehani. Nilishona nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali, kama korongo. Baadaye daktari aliponiambia kwamba kilichopungua mwilini mwangu kinaitwa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, nilicheka peke yangu. Sahani yenyewe nilikuwa nimeikalia.

Shangazi akapata habari, akapanda takisi, yaani matatu, kutoka Busia siku hiyo hiyo. Shangazi yangu hupiga chuku, kwa maana zote mbili za neno: hutia chumvi maneno, na huumika watu, yaani huwatoa damu kwa pembe. Aliniangalia paja, akatikisa kichwa, akasema damu mbaya imejikusanya hapo na lazima itolewe. Mfuko wake anautembeza kila aendapo: pembe za kuumikia, wembe mpya, pamba. Ameumika nusu ya Busia na sijawahi kusikia amemdhuru mtu. Alipanga aniumike kesho yake asubuhi, tumboni mwangu pakiwa patupu. Kilichoniokoa ni pua. Alfajiri ile, kabla hajachemsha maji, pua ilianza kuvuja.

Shangazi akafanya kile ambacho sote tulifanyiwa utotoni: akanilaza kichwa nyuma, akanimwagia maji baridi utosini. Damu haikukata. Ilibadilisha njia tu, ikawa inateremka kooni, nami naimeza. Baada ya kama nusu saa tumbo likakataa, nikatapika damu kwenye beseni, nje, mbele ya nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na viwili.

Sasa kumbuka hiyo ni Oktoba 2022. Serikali ilikuwa imetangaza Ebola tarehe 20 Septemba, wilaya za Mubende na Kassanda zilikuwa zimefungwa, aina ya virusi vya Sudan isiyo na chanjo iliyoidhinishwa, na Kampala kwenyewe wagonjwa walikuwa wameanza kuonekana. Halafu mwanamke anatapika damu Kisenyi. Nilisikia komeo zikipigwa mlango baada ya mlango. Boda tatu zilizokuwa kwenye steji ziliwashwa kwa mpigo mmoja. Mama mwenye nyumba alinipa pole akiwa dirishani, kioo kimefungwa. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Ningekuwa mimi ningefunga na pazia. Aliyepiga simu alifanya sawa. Walikuja waliovaa nguo nyeupe za kujikinga, wakanichukua mimi na shangazi, tukatengwa, tukapimwa. Shangazi alilia siku zote mbili, si kwa kuogopa kufa, kwa sababu walimchukulia mfuko wake.

Haikuwa Ebola. Ndipo mtu akatazama kipimo kingine, kile cha hesabu ya chembe za damu, na kila kitu kikaanza kwenda mbio. Kwenye karatasi, mbele ya herufi PLT, kifupi cha chembe sahani kwa Kiingereza, palikuwa na 7. Kawaida ni kati ya 150 na 450. Hizo ni maelfu kwa kila mikrolita moja ya damu, yaani mimi nilikuwa na elfu saba pale ambapo mtu mzima anapaswa kuwa na laki moja na nusu walau. Hawakuiamini mashine mara moja, na hilo lilinipendeza. Kijana wa maabara alinitoa damu tena kwenye chupa yenye kifuniko cha buluu, kwa sababu kuna watu ambao chembe zao hushikana mafungu ndani ya ile chupa ya kawaida yenye kifuniko cha zambarau na mashine ikahesabu pungufu bure. Akatazama na tone jingine kwenye kioo, kwa jicho. Zilikuwa saba kweli. Wakapima malaria, ambayo nayo hushusha chembe hizi, wakapima virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Vyote hamna. Likabaki jibu linalobaki wengine wote wakishatoka: kinga ya mwili wangu ilikuwa imezigeuka chembe sahani zangu na kuziangamiza.

Daktari aliyenieleza ni kijana aliyekaa Kenya kwa masomo, Kiswahili chake kimenyooka. Alianza na maneno makubwa, nikamkatiza nikamwambia mimi ni fundi, aniambie kifundi. Akafikiri kidogo. "Mshipa ukipasuka," akasema, "ni nguo imechanika. Chembe sahani ndizo zinazofika kwanza kupiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza. Halafu protini za damu zinakuja kushona mshono wenyewe." Tangu siku hiyo sikuhitaji maelezo mengine. Nguo isiyopigwa bandi naijua itakavyokuwa.

Nikamuuliza kuhusu mkasi. Akaniuliza, "Ukijikata kidole, utafanyaje?" Nikasema nitabana. "Basi. Ukibana na usiachie, hata chembe chache zitafanya kazi. Niambie sasa, ndani ya msuli wa tako utabanaje? Tumboni? Kichwani?"

Hapo ndipo nilipobadilisha hofu zangu. Nimejifunza kuuliza swali moja tu kwa kila kitu kinachonikaribia: hapa pana pa kubana? Pini ina pa kubana. Sindano ya msuli haina. Na ile diklofenaki ilinidhuru mara mbili, kwa tundu na kwa dawa, kwa sababu dawa za kundi lake, ibuprofeni ikiwemo, hulegeza zile chembe chache zilizobaki, na huchuna tumbo juu yake. Aspirini ni mbaya zaidi. Chembe iliyoguswa na aspirini ni fundi aliyefungwa mikono: yupo dukani, ukihesabu mafundi utamhesabu, lakini hatashona tena mpaka afe, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Kidonge cha leo unakilipia wiki ijayo. Maumivu yangu siku hizi ni ya parasetamoli, na homa haimezewi dawa kimyakimya, naenda kupimwa.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekupa aspirini kwa ubaya. Anakupa kwa sababu umeshika kichwa. Jirani wa kibanda cha pili ana kopo la vidonge mchanganyiko, hana hata karatasi zake, na ukipiga chafya tu amefungua. Mwingine ni bingwa wa kukanda mgongo kwa viwiko. Kuna kaka mmoja wa msikitini aliyeniletea chupa ya kitunguu saumu kilichosagwa, ninywe kikombe asubuhi na jioni kusafisha damu. Tangawizi kwenye chai, saumu kwenye mchuzi, naendelea kula kama watu. Vikombe vya dawa visivyo na kipimo nimeviacha, kwa sababu saumu nyingi nayo hupunguza kuganda. Nilimshukuru, nikapikia pilau wiki nzima.

Hospitalini nililala siku kumi na moja. Nilipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, vidonge kumi na viwili vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya chakula, nikakatazwa kuviacha ghafla hata nikijiona mzima. Vidonge hivyo vina mambo. Nilikuwa naamka saa nane usiku nikitafuta posho, yaani ugali, iliyolala. Uso ukajaa ukawa chapati. Hasira zikawa karibu. Walinipima sukari na presha mara kwa mara. Presha hasa, kwa sababu presha ikipanda na chembe ziko chini, hatari inakwenda kichwani, pasipo pa kubana. Chumvi ya mezani ikaondoka hapo.

Kitanda cha pili alikuwa binti mwanafunzi mwenye saratani ya damu. Yeye hesabu yake ilikuwa 8, karibu sawa na yangu, na nilishangaa yeye anatafutiwa chembe sahani za kuongezewa na mimi sipewi. Muuguzi akanieleza: kwake ni dawa za saratani zimefunga kiwanda kwa muda, kwa hiyo ukimwongezea zinakaa, na kwa wagonjwa kama yeye wanaongezea zikishuka chini ya 10 hata kama havuji, mapema zaidi akiwa na homa. Kwangu kiwanda kinafanya kazi, ila mlangoni kuna jambazi. Ukimimina za mtu mwingine zinaliwa saa ileile. Zangu wangeziweka kwa ajili ya siku ya damu kubwa. Huyo jambazi, aliniambia daktari, alithibitishwa kwa njia ya ajabu: mwaka 1950 huko Marekani daktari William Harrington alijiongezea mwenyewe damu ya mgonjwa wa aina yangu, na baada ya saa chache chembe zake zikaporomoka mpaka akashikwa na degedege. Alipona. Angekuwa mpwa wa shangazi yangu angeumikwa pia.

Yule binti alisubiri. Damu nzima inakaa kwenye friji wiki tano, lakini chembe sahani hazitaki friji. Zinawekwa kwenye joto la kawaida, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa mchana na usiku, na kwa kawaida ni siku 5 tu zimekwisha muda. Kwa hiyo hakuna akiba ya maana ya kulaza rafuni, wala kwenye benki ya damu ya Nakasero, wala popote. Zinatoka kwa mtu aliyejitolea wiki hiyo hiyo. Mama yake alikuwa anatembea varandani na simu akiwaita wajomba mmoja mmoja. Zilipofika, mfuko mdogo, rangi ya njano kama uji wa ulezi uliokosa ulezi, sote wodini tulinyamaza tukautazama ukidondoka. Asubuhi fizi zake zilikuwa kavu. Sikuweza kwenda kujitolea na siwezi hadi leo, basi kila mteja wa kanzu anayesubiri vifungo nampigia kelele yeye aende.

Mengine ya nyumbani nitayasema harakaharaka. Nilipenda mswaki wa mti. Nimeuacha, natumia brashi laini, naiingiza kwanza kwenye maji ya moto ilegee. Fizi zikivuja napewa asidi ya traneksamiki, kidonge nakisaga kwenye maji kidogo, nasukutua. Hedhi walinipa norethisteroni kuisimamisha mpaka hesabu ipande, na hapo nilijua nimekuwa nikipoteza damu kiasi gani, maana uchovu niliouita uvivu uliondoka na vidonge vya madini ya chuma. Na choo. Samahani, lakini hili wengi wanaona haya kulisema: kujikakamua chooni ni hatari. Ukichuchumaa ukajikamua, shinikizo lote linapanda kichwani. Papai kila siku, maji, maharage, na ikibidi dawa ya kulainisha ya kunywa. Kitu cha kuingiza kwa nyuma usikubali bila daktari, hata akikuletea mama mzazi.

Pua ikirudi, nakaa nimeinama mbele, nabana ile sehemu laini chini ya mfupa, napumua kwa mdomo, dakika kumi hadi kumi na tano kwa saa ya ukutani. Dakika kumi za kubana pua ni ndefu kuliko unavyodhani. Shangazi huachia kila dakika kuchungulia kama imekata. Kila akichungulia bandi inafumuka.

Na ndiyo, sindano ya cherehani imenipitia kidole. Hesabu yangu ilikuwa 38. Nilikuwa nashona kola ya sare ya shule, umeme ukarudi ghafla, mota ikaruka. Ilipita kwenye pembe ya ukucha. Nikazima, nikageuza gurudumu kwa mkono, nikaitoa. Nikachukua kipande cha bafta safi, nikabana, nikainua mkono juu ya kichwa, nikatazama saa. Mwanafunzi wangu alikuwa anatetemeka, anataka kumwita musawo. Nikamwambia akae anihesabie. Dakika ishirini. Damu iliyotoka haikutosha hata kulowesha bafta yote. Siku hizi navaa kastabini kwenye kidole cha kati, na wembe wa kufumulia una ala ya ngozi, basi.

Boda ndiyo niliyoiogopa. Hesabu ikiwa chini ya 30 sipandi, natembea au napanda takisi, na nikigonga kichwa au nikaumwa kichwa cha kunishangaza, kile kisichofanana na vingine, hakuna parasetamoli hapo: ni hospitali usiku huohuo. Kung'oa jino nako nilipigania. Mng'oa meno mmoja, sitasema wapi, alikuwa ameshachukua koleo bila kuuliza lolote. Nilipomtajia ugonjwa akasema ni dakika moja tu. Nikashuka kwenye kiti na jino langu. Daktari wangu alitaka zifike 50 kwanza, nikasubiri wiki tatu nikitafunia upande mmoja.

Kilichonisaidia kuliko vyote nilikishona mwenyewe. Ni kitambaa cha upana wa kiganja, uzi mwekundu juu ya bafta nyeupe, kimeshonwa ndani ya mfuniko wa mkoba wangu pale anapofungua mtu yeyote akitafuta simu yangu: CHEMBE SAHANI CHACHE. USINICHOME SINDANO YA MSULI. HAPANA ASPIRINI, DIKLOFENAKI, IBUPROFENI. Chini yake kwa Kiganda, kwa sababu ndipo nilipo: TONKUBA MPISO. Kingine kama hicho nilimpelekea musawo wa duka la dawa. Nilidhani atakasirika. Alikisoma mara mbili, akauliza ile sindano ya mgongo ndiyo iliyonifanya hivyo, nikamwambia ugonjwa ulikuwepo, sindano iliuonyesha tu. Alikigongomea msumari ukutani juu ya friji ya soda. Sasa anauliza watu, kabla hajavuta dawa, kama wana vidoadoa miguuni, na akiviona anavikandamiza kwa glasi kama nilivyomwonyesha. Vikififia, ni vipele. Visipofifia anamwambia mtu aende akapime damu. Ananipigia simu kila mara kunipa hesabu kama vile mimi ndiye daktari wa wilaya.

Dawa zilipopunguzwa hesabu ilirudi chini hadi 19, nikaongezewa azathiopurini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ikapanda polepole. Mwezi uliopita karatasi ilisema 112. Shangazi alikuja Ijumaa, mfuko wake ubavuni (walimrudishia ule, pembe ziliteketezwa, akanunua nyingine). Nilimpa karatasi, akavaa miwani, akaisoma kama anasoma barua ya posa, kidole kikifuata mstari mpaka kwenye namba. Nikamweleza kwamba 112 bado haijafika kawaida lakini inanitosha kuishi.

Akakunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Alhamdulillahi," akasema. "Kwa hiyo sasa naweza kukuumika?"

Nikampakulia matoke.